Shamba la Yohane, Ng'ambo ya Kijito

Mara ya tatu Tusajigwe alipomwona yule mwanamke wa mabuti kwenye mpaka wa shamba lake, aliacha kuchuma majani ya maboga, akajibanza nyuma ya mgomba amtazame vizuri. Mwanamke alikuwa amesimama kwenye njia ya kijitoni, kofia kichwani, mkononi kashika kidude cheusi kama redio ndogo. Alikiinua, akakitazama, akaandika kitu kwenye daftari. Akapanda hatua kadhaa, akafanya vilevile. Kisha akageuka na kuikazia macho nyumba ya Tusajigwe, kama fundi cherehani anayepima kitambaa kwa macho kabla ya kutia mkasi.

"Anapima," Tusajigwe alijisemea. "Leo anapima waziwazi."

Haikuwa ajabu awe na wasiwasi. Mumewe, Anyitike, alikuwa amefariki miaka miwili nyuma, akamwachia mabinti wawili walioolewa mbali, ng'ombe mmoja, na nusu ya shamba la baba yake, Mzee Yohane. Nusu nyingine, ya upande wa pili wa kijito, ilikuwa ya Joel, mdogo wa Anyitike. Siku ya kuanua matanga Joel alisimama mbele ya watu akasema, "Shemeji, utalima, hakuna atakayekufukuza. Lakini ujue shamba ni la ukoo." Watu waliitikia kwa vichwa, wakaona kasema vizuri. Tusajigwe peke yake ndiye aliyebaki na lile neno la kufukuza. Mbona lilikuja mdomoni kwa mtu ambaye hakuwa na nia hiyo? Na tangu hapo parachichi za kusafirishwa nje zilikuwa zimepanda bei hadi kila kipande cha ardhi Masukulu kikawa kinatazamwa kwa jicho jipya.

Halafu juzi yake jirani, Anyelwisye, mwanamke asiyepitwa na jambo, alikuja kuomba moto na kukaa robo saa.

"Yule mgeni wako nimemwona kwa Joel," alisema. "Anakunywa chai. Joel ameinama, anatia saini karatasi."

"Karatasi ya nini?"

"Ningejua ningekuambia? Nimepita njia tu."

Kwa hiyo mwanamke wa mabuti alipofika mlangoni mchana ule na kubisha hodi, Tusajigwe alimkaribisha kwa mdomo, lakini moyoni alikuwa ameshafunga mlango.

Mgeni aliamkia kwa adabu, akavua kofia, akajitaja. Jina lake Lilian, anafanya utafiti wa mambo ya kale katika chuo kikuu cha Dar es Salaam, kwa sasa kapanga chumba mtaa wa Msasani, palepale Tukuyu mjini. Akatoa barua yenye muhuri wa kijiji. Tusajigwe aliisoma mara mbili, akaigeuza akatazama na nyuma yake. Muhuri siku hizi mtu anachongewa mjini kwa nusu saa.

"Unatafuta shamba, mwanangu?"

"Hapana, mama. Natafuta mahali. Shamba sina haja nalo."

"Mahali pasipo na shamba panakuwaje?"

Lilian alicheka kidogo, kisha akaona mwenyeji hacheki, akaacha. Akaeleza taratibu. Zamani, mwaka sitini na sita, alipita mtafiti mmoja katika milima hii akiokota zana za mawe za watu wa kale sana, wale wa kabla chuma hakijajulikana. Mawe yenyewe yangalipo, yamewekwa ndani ya maboksi makumbushoni. Lakini mtafiti yule hakuacha ramani. Aliacha orodha ya sehemu kumi na moja, kila moja kaieleza kwa maneno mawili matatu. Kazi ya Lilian ilikuwa kuzitafuta zote, moja baada ya nyingine, na kuzitia kwenye ramani ili ijulikane watu wale waliishi wapi na wapi hawakuishi. Alikuwa amepata saba.

"Ya nane ni hii," alisema, akafungua daftari na kusoma. "'Masukulu. Shamba la Yohane. Ng'ambo ya kijito, kwenye mgongo wa kilima, chini ya tabaka la jivu.' Basi. Sasa Yohane nimempata, Mungu amrehemu. Kijito nacho nimekipata. Lakini ng'ambo ni ng'ambo ya mtu aliyesimama wapi? Pande zote mbili zina mgongo wa kilima. Alikuja kwa barabara hii ya sasa au alikuja kwa njia nyingine?"

Tusajigwe alikuwa anajua. Mzee Yohane ndiye aliyemchimbia mtafiti yule, kwa ujira wa kutwa. Mzee hakuwahi kuzungumza na mkwewe uso kwa uso, maana desturi ilikuwa bado ina nguvu na mkamwana alikaa mbali na mkwe wake. Ila alipokuwa na jambo alilotaka Tusajigwe alijue, alimsimulia Anyitike pale uani kwa sauti kubwa, ili aliyeko jikoni asikie bila kuonekana. Ndivyo alivyosikia habari ya mzungu aliyefika kwa njia ya misheni, akavuka kijito, akachimba juu kule nyuma ya migomba. Ng'ambo ilikuwa huku. Ilikuwa hapahapa. Na hata asingesikia, jembe lingemwambia. Alipochimba shimo la taka kule mgongoni mwaka mmoja, alipita udongo mweusi, akakuta changarawe ya njano nyepesi inayoelea majini, na chini yake udongo mweusi tena, umejaa vipande vya jiwe jeupe vyenye makali kama chupa. Alijikata kidole cha mguu.

Lakini alichosikia sasa ni kwamba mtu wa kutoka Dar es Salaam, aliyekunywa chai na kusainiana na Joel, anajua jina la baba mkwe wake na anatafuta sababu ya kusimama katika ardhi yake.

"Jina la Yohane umelipata kwa nani?"

"Limo kwenye orodha, mama."

"Si kwa mtu?"

Lilian alisita. Kusita kule ndiko kulikommaliza Tusajigwe. Macho ya mgeni yaliondoka usoni pake, yakashuka mlangoni, yakatua kwenye jiwe la duara lenye tundu katikati ambalo Tusajigwe alilitumia kuzuia mlango wa jikoni usijifunge na upepo.

"Na hili limetoka wapi?" Lilian aliuliza, sauti imebadilika.

"Mtoni."

"Mto gani?"

"Mto huu huu. Mawe hayakosekani mtoni." Tusajigwe alinyanyuka, akakung'uta khanga. "Sikiliza, mwanangu. Unachotafuta kiko kwa shemeji yangu, upande ule. Kwenye mgongo wa kilima, alipopanda miparachichi michanga. Marehemu mkwe wangu alichimba kule. Mimi nimeolewa hapa mwaka themanini, nimeyasikia kwa masikio yangu."

Aliona wazi jinsi Lilian alivyomtazama, akaandika, akamtazama tena.

"Una hakika, mama?"

"Kama huniamini, kwa nini umeniuliza?"

Usiku ule alilala vizuri. Kama karatasi ile ilikuwa mtego, basi na umnase aliyeutega. Lakini asubuhi akaanza kufikiri. Mgeni angeenda kule, angechimba, asingekuta kitu, angerudi. Alikuwa mtu wa kurudi. Hilo lilionekana kwenye mwendo wake. Basi Tusajigwe alichukua kopo, akapanda mgongoni, akafukua pembeni mwa lile shimo la taka na kujaza kopo vile vipande vyeupe. Joel alikuwa amekwenda gulioni na mkewe. Tusajigwe alivuka kijito na tenga la majani kichwani, kama mtu aliyetoka kumkatia ng'ombe, akapita katikati ya miparachichi ya shemeji yake akimwaga vipande kidogo kidogo, hapa vitatu, pale vitano, na kuvikanyagia kwa unyayo. Aliporudi nyumbani alijiambia kwamba hakuiba kitu cha mtu. Alipeleka mawe yake mwenyewe.

Siku mbili baadaye mambo yalikwenda kama alivyotaka. Lilian alifika na Wilson, mwenye bodaboda aliyemchukua kila siku kutoka Tukuyu, wakashusha vifaa kwa Joel. Alizunguka mgongoni, akainama, akaokota, akainama tena. Mchana kulikuwa na vigingi vinne vyenye utepe mwekundu kwenye shamba la Joel, na katikati yake kishimo cha mraba chenye kina cha goti.

Jioni ya siku hiyo kitongoji kizima kilikuwa kimeshapata jibu lake. Ni mali ya Mjerumani. Nani asiyejua kwamba Wajerumani walipokuwa wanakimbia vita walifukia masanduku? Si Boma lao lipo pale Tukuyu? Yule dada ana ramani yao, na kile kidude kinalia kikinusa dhahabu. Wilson aliapa hakijawahi kulia, watu wakamwambia amefundishwa kusema hivyo. Joel alitoa kiti nje, akakaa kukitazama kishimo chake tangu asubuhi mpaka jua linazama, na kila aliyepita alimsalimu kwa heshima kuliko jana yake.

Tusajigwe aliyatazama yote hayo kutoka ng'ambo na kusubiri serikali ije imnyang'anye Joel shamba. Haikuja. Siku ya tatu alimwona Lilian anang'oa vigingi. Alivifunga pamoja, akafukia kishimo, akamwambia Joel maneno machache, akaondoka. Alivuka kijito kwa miguu, akapanda moja kwa moja hadi kwa Tusajigwe, asikubali kukaa.

"Mama, nimekuja kukuaga. Kule hakuna kitu."

"Nimesikia umeokota mawe mengi."

"Nimeyaokota. Zana halisi kabisa, nzuri kuliko zote nilizoziona mwaka huu." Lilian alifungua kiganja. Kipande cheupe kilikuwa kimelala pale. "Tazama hapa kwenye ufa. Udongo ulioganda ni mweusi. Udongo wa kule ni mwekundu tangu juu hadi chini, na jivu la volkano halipo, limeshasombwa na mvua. Na kimoja kilikuwa kimekalia jani la nyasi, jani bado bichi."

Tusajigwe alitazama jiwe, akatazama mabuti ya mgeni.

"Maana yake nini?"

"Kuna mtu ameyapeleka."

"Nani huyo?"

"Ndicho ninachojiuliza. Mwenye shamba aliniambia mwanzo kabisa kwamba upande wake hakuna mawe yoyote. Halafu yakajaa shambani kwake. Wewe, mama, ungefikiri nini?"

Hapo palikuwa mahali pa kusema. Tusajigwe alipaona, palikuwa wazi kama lango lisilo na komeo. Angesema neno moja, Joel angetoka kwenye lawama. Akakumbuka saini. Akanyamaza.

"Basi nimeandika kwamba eneo halijathibitishwa," Lilian alisema na kuvaa kofia. "Kwaheri, mama."

Kilichofuata hakuna aliyekipanga. Joel hakuelewa mambo ya udongo mweusi na mwekundu. Alichokiona ni mtu aliyekaa siku tatu anachungulia ardhi yake, akapata kitu, akang'oa alama, akafukia, akaondoka haraka bila kumtazama machoni. Kwa hesabu za Joel hiyo ilikuwa na maana moja tu. Mwanamke yule alikuwa ameshapajua mahali, anaficha alama ili arudi na wenzake. Basi Joel alichukua jembe na sururu, akawahi yeye. Alichimba siku nne, peke yake, hata mkewe akakatazwa kusogea. Ilikuwa mwezi wa nne, mvua inanyesha kila alasiri kama kawaida ya Rungwe, na udongo aliouchimbua aliurundika ukingoni.

Siku ya tano asubuhi Tusajigwe alikuwa anakamua maziwa aliposikia mke wa Joel anapiga yowe. Si yowe la msiba. Lilikuwa la kuita. Aliacha ndoo pale pale. Alivuka kijito na viatu vyake, akapanda kilima akiwa amebana khanga kwa meno, na alipofika juu alimkuta shemeji yake wa miaka hamsini na tisa amesimama ndani ya shimo lenye kina kuliko urefu wa mtu, amefukiwa hadi kifuani, uso wa kijivu, mdomo wazi kama samaki. Ukuta mmoja ulikuwa umeporomoka. Ule wa pili ulikuwa unadondosha madonge.

"Usiingie!" mke wa Joel alilia. "Ukuta utawafukia wote wawili!"

Tusajigwe alikuwa ameshaingia. Hakufikiri. Alifukua kwa mikono, kisha kwa sufuria aliyotupiwa, akirusha udongo pembeni huku Joel akipumua kwa mikwaruzo. Mara kifua kikawa huru, na Joel akavuta pumzi ndefu na kusema jina la marehemu kaka yake. Watu walifika. Walishusha kamba na ngazi ya kuchumia parachichi, wakachimba kwa zamu wakiwa wamezuia ukuta kwa mbao za kitanda. Mguu wa kulia ulitoka umepinda mahali pasipo na goti.

Wilson alikuwa miongoni mwa waliofika. Pikipiki isingembeba mtu wa hali ile, na gari la karibu lilikuwa limekwama matopeni. Alimpigia simu Lilian, ambaye mradi wake ulikuwa na pikapu pale Tukuyu. Ndani ya saa moja alikuwa amefika nayo. Walimlaza Joel nyuma juu ya godoro, mkewe akakaa kichwani pake. Mbele pembeni mwa Lilian palibaki nafasi moja, na Tusajigwe, akiwa na udongo hadi kwenye nyusi, akapanda bila kuombwa.



Ni kwenye benchi la hospitali, wakati Joel kaingizwa ndani kunyooshwa mfupa, ndipo Tusajigwe alipofungua kinywa.

"Mawe yale niliyapeleka mimi."

Lilian hakushtuka. Aliendelea kutazama mikono yake. "Lile jiwe la mlangoni kwako, mama. Lile lenye tundu. Watu wa kale walilitia kwenye mti wa kuchimbia ili uwe mzito, au kwa kazi nyingine tusiyoijua. Halitoki mtoni, mtoni lingekuwa limelainika na tundu limepanuka. Tangu siku ile nilijua kwamba unajua mahali. Ila sikujua kwa nini unanificha. Na nilipokuta mawe kwa shemeji yako, nikashindwa kujua ni yupi kati yenu anayenichezea."

"Nilijua umetumwa na yeye. Mlisainiana."

"Tulisainiana?" Lilian alikunja uso, kisha akaelewa. Alifungua mkoba, akatoa bahasha ya nailoni iliyojaa fomu, akachambua, akavuta moja. "Hii?"

Tusajigwe alifuta vidole kwenye khanga, akaishika. Ilikuwa fomu ya eneo. Pameandikwa kijiji, kitongoji, kijito. Chini yake, kwa mwandiko mzito wa mtu asiyeandika mara kwa mara: *Mmiliki wa shamba: TUSAJIGWE, MJANE WA ANYITIKE YOHANE.* Na chini kabisa, kwa mwandiko uleule: *Shahidi: Joel Yohane, ndugu wa marehemu.* Tarehe ilikuwa ya siku mbili kabla Lilian hajabisha hodi kwake.

"Aliniambia upande wake hakuna kitu, mawe yako kwa shemeji yake, shamba ni la shemeji yake, niende nikazungumze naye," Lilian alisema. "Kisha nikaja kwako, ukaniambia yako kwake. Nimetembea Rungwe nzima, mama, sijawahi kuona watu wanaogombania kutokuwa na kitu."

Tusajigwe aliisoma fomu tena, neno kwa neno. Roho ilimsuta. Miaka miwili alikuwa amemtilia mtu sumu moyoni mwake, kumbe mtu yule kaandika kwa mkono wake kwamba shamba ni la mjane. Alikaa pale hadi waliporuhusiwa kuingia, akajipanga maneno ya kuomba radhi.

Joel alikuwa amelala na mguu ndani ya plasta, macho yamelegea kwa dawa. Mkewe alikuwa ametoka kutafuta uji.

"Shemeji," Tusajigwe alianza, "nimeona karatasi uliyosaini. Sikujua kwamba umenitendea wema kiasi hicho."

Joel alimtazama. "Wema gani?"

"Umeandika shamba ni langu."

"Aa." Alilamba midomo iliyokauka. "Mwe, shemeji, wewe una roho nzuri. Mimi niliona mtu anakuja na kipimo, ana fomu, anauliza mwenye shamba nani. Nikajua hawa wanatwaa. Nikasema moyoni, kama ni kutwaa, bora watwae lile la upande wa pili." Alianza kucheka, maumivu yakamkatiza. "Ndiyo nikaandika jina lako. Kwa herufi kubwa."

Tusajigwe alisimama na radhi zake mdomoni, hajui azimeze au azitoe. Mwishowe alitoa kilichokuwa cha kweli.

"Basi na mimi nilidhani wewe ndiye umemleta. Nikamwelekeza kwako. Na mawe aliyoyaokota shambani kwako, niliyabeba mimi kwa kopo, nikayamwaga."

Kicheko kilikwisha. Joel aligeuza uso akatazama dari.

"Kwa hiyo hakuna mali ya Mjerumani."

"Hakuna."

"Siku nne nimechimba."

"Najua, shemeji."

"Toka," Joel alisema taratibu, bila hasira, kama mtu anayeomba taa izimwe. "Nenda nyumbani. Leo sitaki kukuona."

Aliondoka. Lakini mwezi mzima Joel akiwa kitandani, ng'ombe wake walikatiwa majani, na lile shimo lilifukiwa ndoo kwa ndoo, na mke wa Joel alipouliza nani kamtuma, Tusajigwe alijibu kwamba hakutumwa. Hakuomba kusamehewa tena. Lakini pia hakuwa mjinga: alikwenda kwa mtendaji wa kijiji na nakala ya fomu ile aliyopewa na Lilian, akaomba igongwe muhuri na itiwe kwenye jalada. Mtendaji alimwendea Joel kitandani kuuliza kama saini ni yake. Joel aliigeuza fomu mara mbili, akairudisha.

"Ni yangu," alisema mwisho. "Sasa nitaikana vipi? Nusu ya kitongoji imeniona naandika."

Mvua zilipopungua, mwezi wa sita, Lilian alirudi na wanafunzi wawili. Safari hii Tusajigwe aliwapeleka mwenyewe, nyuma ya migomba, juu kwenye mgongo. Hakuwaachia. Aliweka kigoda ukingoni, akakaa tangu asubuhi, akatazama kila kijiko cha udongo. Walichimba mraba wa mita moja, ukuta wake umenyooka kama umekatwa kwa kisu. Udongo mweusi ulikwisha, ikaja changarawe ya njano.

"Hili ni jivu la Mlima Rungwe ulipolipuka," Lilian alieleza. "Miaka elfu nne hivi iliyopita. Chochote kilicho chini yake kimefunikwa tangu siku hiyo."

Chini yake watu wale wa kale walikuwa wameacha alama zao. Vipande vyeupe vilitoka kimoja kimoja, kila kimoja kikapigwa picha kikiwa bado kimelala kilipolala, kabla ya kutiwa kwenye mifuko. Mahali pamoja vilikuwa vimerundikana kama nusu duara, makali kwa makali. Lilian aliacha kuchimba, akakaa chini.

"Hapa palikaa mtu," alisema. "Alikaa hapa, kaelekea kule, anachonga. Vipande vilikuwa vinaruka vinaanguka mbele yake. Hata magoti yake unayaona yalipokuwa, pale pasipo na kitu."

Tusajigwe aliinama. Ilikuwa kweli. Palikuwa na nafasi tupu ya ukubwa wa mtu. Kwa muda alisahau kuhesabu mifuko. Alishikwa na haya fulani, kama aliyefungua mlango akamkuta mgeni ambaye amekuwa akiishi chumba cha pili siku zote, na yeye hajawahi kumpelekea hata maji.

Ndipo waliposikia magongo. Joel alikuwa anapanda polepole, mkewe nyuma yake kwa tahadhari. Hakusalimu. Alifika ukingoni, akachungulia ndani ya mraba kwa muda mrefu sana.

"Walikuwa Wanyakyusa hawa?" alimwuliza Lilian.

"Hatujui, baba. Ni kabla ya majina yote tunayoyajua."

"Si wa ukoo wetu, basi."

"Hatuwezi kusema."

Joel alitikisa kichwa, akamtazama Tusajigwe kwa mara ya kwanza tangu hospitali. Tusajigwe aliinuka, akamsogezea kigoda. Joel alisita, akakitazama kana kwamba huenda mguu mmoja umekatwa kwa makusudi. Kisha akakaa.

Jioni, kabla ya kufukia, Lilian alichimbia kijiwe cha saruji chenye namba kwenye kona, akasimama juu yake na kile kidude cheusi cha kupimia mahali kwenye ramani, akasoma tarakimu kwa sauti huku mwanafunzi akiandika. Tusajigwe alimtaka arudie. Akarudia. Akamtaka mwanafunzi asome alichoandika, akasoma. Mifuko ilihesabiwa, ikawa arobaini na mmoja, Lilian akasaini kuipokea, Tusajigwe akasaini kuitoa, akabaki na nakala.

Gari lilipoondoka alipanda tena mgongoni peke yake. Alisimama kwenye kijiwe, akapiga hatua hadi kwenye mgomba wa kwanza: kumi na saba. Akapiga hatua hadi kwenye mpaka: thelathini na moja. Asubuhi, kabla ya kukamua, alipanda akapima tena, na alipoinua kichwa alimwona Joel ng'ambo ya pili, ameegemea gongo lake, anamtazama.

"Kimehama?" Joel aliita.

"Bado," alimjibu.

"Basi pima na kesho," Joel alisema, akageuka kwenda kwa ng'ombe wake.